Jinsi Taa ya Mwambani Ilivyounguzwa Kilimani Arua

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, siku ya Alhamisi, moshi ulianza kutoka ndani ya lenzi ya mnara wetu wa taa. Najua dakika kwa sababu nilitazama saa. Ni tabia niliyofundishwa kazini: jambo likitokea, tazama saa kwanza, ndipo upige kelele. Lenzi haikuwa mnarani. Mnara uko juu ya mwamba katikati ya maji, upande wa kaskazini wa Ziwa Albert, safari ya siku nzima kutoka Arua. Lenzi ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya zamani ya serikali juu ya kilima cha Arua, mbele ya dirisha linalotazama mashariki. Waliiweka pale watu waliojiita kamati ya kuhifadhi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopewa sasa kazi ya kutunza mitambo, au vitu vya kale, au hata stoo ya majembe. Ningeandika mapema, lakini hasira ilikuwa inanitangulia kwenye karatasi. Bado ninayo. Sasa angalau inakubali kukaa kwenye mstari.

Mjue kwanza lenzi ni nini, maana wengi walioiona Arua waliiita "ile kabati". Ni pipa la vioo lenye fremu ya shaba, upana wake wa ndani kama sinia kubwa la wali wa harusini. Vioo vimekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imepinda kwa hesabu yake, ili mwanga wa taa moja inayosimama katikati ukusanywe na kutupwa mbali juu ya maji. Taa yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa, ya kupigwa pampu, ndugu mkubwa wa karabai mnayoijua. Bila vioo isingemtosha hata mchuuzi wa mandazi. Kwa vioo, manahodha waliiona wakiwa bado mbali sana na mwamba.

Sasa fikirini kidogo. Kitu kinachochukua mwanga wa katikati na kuupeleka nje kinaweza pia kuchukua mwanga wa nje na kuuleta katikati. Jua likiwa bado chini, linaingia katika vile vioo na kukutana lote pale pale taa inaposimama. Kwa hiyo mnara wa taa una mapazia. Ukiwasha taa unafungua mapazia. Ukizima unayafunga, kabla hata ya kunywa chai. Hakuna elimu kubwa hapo. Mimi niliacha shule darasa la sita Koboko, yaliyobaki nikajifunza kwa vitabu vya kuazima, na jambo hili nililielewa kwa asubuhi moja.

Asubuhi hiyo ilikuwa katika mwezi wangu wa kwanza mwambani. Nilikuwa mtoto wa askari na mjukuu wa askari, sijawahi kuona maji mapana kuliko mto wa kwetu. Nilizima taa, nikashuka jikoni kukaanga samaki. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Candia, Mlugbara wa Ediofe, mtu mfupi aliyekwenda kanisani akiwa na kofia ya sufu ya rangi ya kahawia hata kwenye joto la Februari. Alipanda juu, akaona mapazia yako wazi. Hakunigombeza. Aliniita kwa jina, tena kwa upole, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Marjan, kuja. Leta na mikono yako, wacha samaki."

Nilipofika aliivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti cha taa, katikati ya lenzi.

"Hesabu," akasema.

Nilihesabu. Kwenye thelathini na nne kofia ilianza kutoa moshi. Kwenye arobaini ilikuwa na tundu, na ukingo wa tundu ulikuwa mwekundu.

"Hii kofia iko ya Krismasi," akasema Mzee Candia, akiikung'uta. "Sasa utanunua ingine na mushahara yako. Na wewe utakumbuka mbele ya mimi kusema."

Nilinunua. Aliivaa miaka mingi, na kila mtu aliyeisifu pale Ediofe alijibiwa, "Huyu kijana ya Koboko alinipa, baada ya kuchoma ingine." Sikuwahi tena kusahau mapazia, hata siku moja, kwa miaka kumi na minane.

Alinifundisha mengine pia. Usipande kwa lenzi ukiwa na shati lenye vifungo vya shaba, maana kifungo kikikwaruza kioo mkwaruzo hautoki. Tulivaa aproni za kitani zinazofungwa kwa kamba nyuma. Kwanza ondoa vumbi kwa manyoya ya ndege, ndipo upitishe kitambaa. Ukianza na kitambaa unasaga mchanga juu ya kioo. Na kioo chenye moto kisiguswe na maji. Acha kipoe chenyewe, hata kama mvua inaingia na bwana mkubwa anakutazama.

Halafu kulikuwa na madaftari. Kila siku tuliandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima, upepo, ukungu, meli iliyopita. Mara mbili kwa mwaka tulizunguka mwamba kwa mtumbwi tukiwa na kamba yenye mafundo na kipande cha risasi cha kuizamisha, tukipima kina cha maji mahali arobaini na moja, palepale kila mara. Mwamba wetu una ulimi wa jiwe unaotoka upande wa mashariki, umejificha chini ya maji kiasi cha goti, na hauonekani ukiwa juu ya chombo. Ulimi huo ndio uliofanya mnara ujengwe. Vipimo vyote viliandikwa, tangu kabla ya Mzee Candia mpaka mimi. Nakala za makao makuu zilipotea vitani. Zetu zilibaki.

Zilibaki kwa sababu ya mke wangu. Vita vilipotufikia mwaka wa 1979, Mzee Candia alikuwa ameshafariki na meli zilikuwa zimeacha kupita. Askari waliokimbia walikuwa wanachukua kila kitu chenye injini au chenye kung'aa. Mimi na mwendesha mtumbwi wetu tuliifungua lenzi kwa siku mbili, vipande vinane, tukavifunga ndani ya marobota ya tumbaku na kuvipeleka Koboko kwa lori la mzee mmoja wa tumbaku. Hapo nilifanya kosa: tumbaku ilikuwa haijakauka vizuri, ikaacha madoa kwenye shaba ambayo sijaweza kuyaondoa hadi leo. Nawaambia mjue. Ukitaka kufungia kioo, tumia pamba kavu.

Tulivifukia chini ya banda la kukaushia tumbaku la baba mkwe. Wiki chache baadaye sisi wenyewe tukakimbia, kupitia Oraba mpakani kuingia Kaya, upande wa Sudan. Mke wangu, Zenabu, alikuwa amejitwisha sanduku la bati lenye madaftari.

"Baba Rehema," akaniambia njiani, "umeacha sufuria yangu mbili, na mimi nabeba karatasi ya maji?"

"Sufuria zinauzwa kila mahali."

"Basi leo usiku utapika ndani ya hizi karatasi. Mimi nitakula."

Alilibeba hata hivyo. Tukiwa Sudan tuliletewa habari za kaka yake, Ramadhani, aliyekuwa akifanya biashara ya samaki wakavu ziwani. Mashua yao ilikuwa inarudi jua limekwisha kuzama. Walitafuta taa, taa haikuwapo, nahodha akakisia. Ulimi wa jiwe ukaifungua mashua kutoka mbele mpaka nyuma, na Ramadhani akazama nayo. Tangu siku hiyo Zenabu hakutania tena kuhusu sanduku. Alikuwa akilifuta vumbi mwenyewe kila Ijumaa, na aliniomba jambo moja tu, kwamba tukirudi, taa irudi mahali pake.

Tulirudi. Banda lilikuwa halina paa, lakini shimo lilikuwa zima. Nilifukua kipande baada ya kipande, vyote vinane, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Habari zikafika Oraba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sijamaliza kuvifuta. Mmoja alikuja kwa pikipiki, akachuchumaa, akagonga fremu kwa ukucha.

"Hii shaba iko kilo ngapi?"

"Haiuzwi kwa kilo. Ni taa ya ziwa."

"Mzee, ziwa iko wapi hapa? Mimi naona tumbaku." Akacheka. "Kila shaba iko na kilo. Yako tu ndiyo iko na jina?"

Nilimfukuza. Alikuwa mtu wa wazi, nasema hivyo sasa. Alitaka shaba na alisema anataka shaba.

Mimi niliamua kufuata utaratibu. Nilikwenda Arua, nikaandika barua kwa idara ya meli, nikiorodhesha vipande na madaftari. Jibu lilichukua miezi, lakini lilikuja, na lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia: mhandisi angekuja Jumatatu ya tarehe fulani kukagua lenzi na kunakili vipimo vya mwamba. Lenzi ikiwa nzima na vipimo vikiwapo, taa ingewashwa tena kabla ya mwaka kwisha. Kwa muda huo vitu vyote vikabidhiwe kwa serikali, kilimani. Zenabu aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akaenda kuwaahidi wazazi wake kwamba taa itawaka.

Kilimani kulikuwa na kamati ya kuhifadhi vitu vya kale. Katibu wake alikuwa kijana msafi, mwenye diploma, na simsemi vibaya kwa diploma, mimi ningeitaka. Alinipokea vizuri. Niliunganisha lenzi mwenyewe kwa siku tatu, katika chumba alichochagua yeye. Nilipoona dirisha nilimwambia, "Bwana Katibu, dirisha hili linatazama mashariki. Lenzi lazima iwe na pazia, au tuihamishe."

"Mzee Marjan, watu watakuja kuona kitu. Wataona pazia?"

"Pazia linafunguliwa wakati wa kuonyesha. Wakimaliza kutazama linafungwa."

"Hii taa imezimwa. Itaunguza nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya kofia. Alicheka sana habari ya kofia, akaomba nimsimulie tena mbele ya karani. Hakuchukua hatua yoyote. Kesho yake nilileta shuka la Zenabu, lile la kujitanda, nikaifunika lenzi. Nilipopita siku ya pili nililikuta limekunjwa juu ya kiti.

"Mzee, hapa si nyumba ya matanga," Katibu akaniambia. "Wageni wakubwa wanakuja kufungua maonyesho. Tunaweka utepe mwekundu, tunaweka soda. Hiyo shuka iko na doa ya mchuzi."

"Basi nunueni kitambaa cheusi."

"Kitambaa haiko kwa bajeti. Andika barua."

Niliandika. Nakala tatu, na vipimo vya pazia kwa inchi, na sababu zake, zikapigwa mhuri na zote kubaki ofisini. Kwa muda huo mbao za dirisha zilikuwa zinafungwa mchana na usiku, kwa hiyo nilitulia. Madaftari nilikuwa nimeyakabidhi kwa saini, yawekwe ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Hilo pia liliandikwa.

Zenabu aliniuliza jioni, "Kitambaa imenunuliwa?"

"Barua imepokewa."

"Mimi sikuuliza barua."

Siku ya Jumatano, mimi nikiwa sipo, Katibu alipata wazo. Aliona kwamba lenzi ni kabati zuri la vioo, na kwamba ukiweka kitu ndani yake kinaonekana kikubwa. Akatoa madaftari yote ishirini na matatu kutoka kwenye kabati la chuma, akayapanga ndani ya lenzi, juu ya kiti cha taa, yale ya zamani kabisa mbele, ili wageni wasome mwandiko wa kale. Nimefikiria jambo hili kwa miaka. Mtu angepewa nyumba nzima ya vyumba sita na kuambiwa atafute mahali pabaya kuliko pote pa kuweka karatasi kavu, asingepata zaidi ya pale.

Alhamisi asubuhi askari wa ofisi aliambiwa afungue mbao za dirisha chumba kipate hewa. Alizifungua saa moja na nusu. Kulikuwa hakuna wingu. Mimi nilikuwa nakuja kuulizia barua yangu, nikawa mlangoni saa moja na dakika hamsini, kama nilivyosema.

Askari alikuwa ndani, anatazama kwa mshangao kama mtu anayeona mchezo.

"Mzee, kuja uone! Kabati iko navuta sigara!"

Nilitazama saa, kisha nikapiga kelele. Nilimwambia afunge mbao. Alikimbilia dirisha, lakini ndimi zilikuwa zimeshatoka kwenye daftari la mbele, na karatasi iliyokaa miaka ndani ya sanduku la bati haihitaji jua tena ikishaanza. Nilifungua mlango mdogo wa fremu, nikaingiza mikono, nikavuta madaftari manne. Haya manne ndiyo niliyonayo. Na makovu haya mnayoyaona vidoleni mwangu ni ya hapo. Nilimwambia askari alete mchanga. Kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya nyumba, hatua ishirini.

Ndipo Katibu akafika, bado ana taulo shingoni, kwa maana anakaa nyumba ya pili.

"Maji!" akapiga kelele. "Lete maji!"

"Acha maji!" nikasema. "Kioo kina moto! Mchanga!"

"Mzee, toka njia! Wewe iko nataka nyumba ya serikali iungue? Mwaga!"

Askari alikuwa na jerikeni mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama anayemlipa mshahara. Simlaumu. Alimwaga lita ishirini za maji ya kisima juu ya kioo kilichokuwa kinawaka kwa ndani.

Vioo havikuanguka mara moja. Vililia kwanza, mlio mwembamba mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavunja vidole. Halafu ngazi zikaachana na fremu. Vipande vitano kati ya vinane vilipasuka ndani ya muda ambao ningehesabu kumi. Kioo kilichokaa mwambani tangu kabla sijazaliwa, kikavuka vita ndani ya marobota ya tumbaku, kikalala udongoni miaka yote ya uhamisho, kilipoteza maisha yake mikononi mwa kamati ya kukihifadhi, katika wiki ya tatu.

"Sasa moto imekwisha," akasema Katibu, akijifuta uso kwa taulo.

Mhandisi alikuja Jumatatu kama alivyoandika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliokota kipande cha kioo, akakigeuza kuelekea dirishani, akauliza swali moja.

"Nani alikuwa na kazi ya pazia?"

Akaomba madaftari. Nilimpa manne, yakiwa na kingo nyeusi. Vipimo vya ulimi wa mashariki vilivyokamilika havikuwamo katika hayo manne. Aliyasoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amesimama, na hiyo ndiyo heshima pekee ambayo madaftari yale yaliipata pale kilimani. Kisha akafunga mfuko wake.

"Mzee, kwa lenzi ningepigana na ofisi. Kwa vipimo pia ningepigana. Sina hiki, sina kile. Watasema tuweke boya."

"Na boya litawekwa?"

Alinipa mkono. Hadi naandika haya halijawekwa boya.

Taarifa ya kamati niliisoma baadaye, karani alinionyesha kwa wema wake. Ilisema chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Vijana, nyumba ile ilikuwa haijaona umeme tangu vita. Nyaya zilikuwa zimeng'olewa ukutani. Misumari yake ndiyo aliyotundikia Katibu kalenda. Iliendelea kusema kwamba mlinzi wa zamani wa taa "alishauriwa lakini alisababisha msongamano mlangoni". Barua yangu ya pazia haikutajwa. Niliomba nakala yenye mhuri, wakasema iliungua na mengine.

Nimewaambia kosa la Katibu, la askari, na langu la tumbaku. Limebaki moja, na ni kubwa kuliko la tumbaku. Nilipokwenda nyumbani na mikono imefungwa, Zenabu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniuliza kama sokoni Arua kitambaa cheusi kilikuwa kimekwisha.

"Hapana," nikasema. "Kipo. Niliuliza bei wiki ile ile."

"Na pesa ulikuwa nayo?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa mfukoni mwa shati siku niliyoandika barua, na ilikuwa mfukoni siku ya Alhamisi. Nilijua jua linafanya nini, mimi peke yangu katika mji wote. Lakini ofisi ndiyo iliyopaswa kununua, na nilitaka inunue, ili iandikwe kwamba nilikuwa sahihi. Zenabu akainuka kwenda kuwaambia wazazi wake, kwa sababu ni yeye aliyewaahidi.

Yadi tatu za kitambaa, uzi, na fundi wa kushona ukingo. Serikali iliokoa pesa hiyo, na mimi niliiokoa pamoja nayo: shilingi elfu nne na mia tano.